Mwageni Maji, Vyungu Viacheni

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na wenye nyumba wa Mombasa, hasa wa hapa kisiwani, na pia maafisa wa afya wanaopita mitaani kila mvua zikianza. Jumatatu ya wiki jana msimamizi wa nyumba tunayokaa hapa Makadara alibandika karatasi kwenye ukuta wa ngazi. Imeandikwa kwamba kufikia mwisho wa mwezi kila chungu cha mmea kilichoko kwenye paa, roshani au ngazini kiwe kimeondolewa kwa sababu kinaleta mbu, na kisichoondolewa kitatupwa na vibarua.

Mimi ninavyo 23. Naviita vyungu kwa mazoea, lakini vyungu hasa ni vinne. Vilivyobaki ni ndoo za rangi, madumu ya mafuta ya kupikia yaliyokatwa mdomo, na karai moja la fundi wa saruji lililotoboka. Ndani yake mna kotimiri, nanaa, mrehani, mchaichai, pilipili mbuzi, mdimu mmoja na kijiti cha majani ya mchuzi, yale ambayo majirani zetu Wahindi huyakaanga pamoja na haradali kabla ya kuyamwagia kwenye dengu. Nimevilea miaka 11 juu ya paa hili. Nauza viazi karai na bajia kibarazani kila siku baada ya alasiri, na chatini ninayouzia yatoka huko huko juu. Basi karatasi ile ilinigusa sana.

Kabla mtu hajasema kwamba huyu mama anatetea majani na kuyasahau maradhi, nieleze yaliyonipata. Chikungunya ilipotanda Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018, mimi ni mmoja wa walioangushwa nayo. Wajuao husema jina hilo ni la Kimakonde na maana yake ni kujipinda, na kweli nilijipinda. Asubuhi nilishuka kitandani kwa kushika ukuta. Vidole havikufunga ngumi. Kumenya kiazi kimoja ilikuwa kazi ya kupumzikia mara mbili. Wiki tatu sikuwasha jiko, na miezi mingi baadaye kifundo cha mkono wa kulia kiliniuma kila nikigeuza bajia kwenye karai. Katika nyumba yetu hii ya ghorofa tatu tuliugua watu tisa. Na nyuma yake, mwaka 2013 na 2014, ilikuwa homa ya dengue, ile ambayo Kiswahili kina jina lake, kidingapopo. Hiyo ilimlaza mwanangu mkubwa siku sita, macho yakimuuma hata kuyageuza hawezi. Kwa hivyo mbu nawajua, na sina mzaha nao.

Nataka niseme na jambo jingine ambalo ningeweza kulificha. Walipokuja vijana wa afya mwaka ule, walipata viluwiluwi mahali patatu kwenye nyumba yetu: kwenye pipa la maji lililokuwa wazi chini ya ngazi, ndani ya tairi kuukuu uani, na kwenye kisahani kilichokuwa chini ya nanaa yangu. Kisahani kile kilikuwa changu na sikatai. Kijana mmoja alikimulika tochi akaniita, "Mama, njoo uone." Nikainama. Maji hayakufika hata kina cha kidole, nao walikuwa mle ndani, weusi, wembamba kama vipande vya uzi, wakijinyonganyonga kuja juu kuvuta hewa na kuzama tena. Nilivihesabu hadi ishirini nikaacha.

Kijana yule alikuwa na subira, akakaa nami pale juu ya paa akanifundisha. Mbu wa maradhi haya ni Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, na huuma mchana. Neti ya kitandani pekee haimzuii, kwani anapouma wewe uko jikoni au kibarazani. Mayai yake huyabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya pale maji yalipoishia. Ukimwaga maji, mayai yamebaki ukutani. Yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, na siku maji yakirudi yakayafikia, yaanguliwa. Kwa joto letu hili, kutoka yai hadi mbu wa kuruka ni kama wiki moja au siku kumi. Ndiyo maana kumwaga hakutoshi, lazima kusugua. Nikamuuliza, na udongo je, udongo wangu uliolowa? Akaniambia kwenye udongo hana pa kulelea watoto wake, anataka maji yaliyosimama wazi.

Tangu siku hiyo hakuna kisahani tena paani kwangu. Vyungu vyote vya paani vimepanda juu ya vipande vya mawe ya matumbawe, vile vinavyobaki nyumba kuukuu zikibomolewa, na maji yakizidi yanachuruzika na kukauka kwa jua. Viwili vilivyoko ndani, dirishani, vina visahani kwa sababu sitaki kuchafua sakafu, lakini visahani vyenyewe nimevijaza mchanga hadi ukingoni. Mchanga hulowa, na maji ya wazi hayapo. Kila Ijumaa asubuhi nachukua brashi ya kufulia, nasugua ndoo ya kumwagilia ndani na nje, naipindua. Glasi ninayooteshea vijiti vya nanaa naibadilisha maji kila baada ya siku mbili. Pipa langu la maji nimelifunika kwa kipande cha kanga kuukuu, nimekikaza shingoni kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Tangu 2018 vijana wa afya wamepanda paani kwetu mara nne, na kwenye vyungu vyangu hawajapata kiluwiluwi hata kimoja.

Sasa nauliza: karatasi ya ngazini mbona haikutaja vyombo vinavyoshika maji kweli?

Maji matamu ya Mombasa yatoka mbali. Yatoka Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Na yakifika hapa kisiwani hayafiki kila nyumba kila siku. Kwetu mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki, na ziko wiki hautoi kabisa, tukangoja mikokoteni ya mitungi ya lita 20. Kwa hivyo kila mpangaji ana pipa, na wengine wana mawili, na mengi hayana kifuniko kwa sababu kifuniko kilivunjika au kimegeuzwa meza ya watoto. Hapo ndipo penye mbu. Pana pia vifuu vya madafu. Nenda nyuma ya kila muuza madafu uone vilivyolundikwa, kila kimoja bakuli linalokinga mvua. Na juu ya paa letu lipo tangi la nyumba nzima, ambalo kifuniko chake kilipasuka tangu upepo wa kusi ulipoanza mwaka huu. Nilimwambia msimamizi mara mbili kwa mdomo, na mara ya tatu mjukuu wangu akamwandikia kwa simu. Kifuniko hakijaja, karatasi ya vyungu imekuja.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ina sehemu nzima ya kuzuia na kuangamiza mbu. Mjukuu wangu amenisomea na kunitafsiria polepole. Inataja chupa na mikebe na vyombo vinavyoweza kukalisha maji, inataka visima vifunikwe, na inayahesabu maji yanayozalisha mbu kuwa kero kwa umma. Mwenye nyumba akitaka kuifuata sheria hiyo, mimi niko upande wake, na nitamshikia ngazi. Lakini chungu chenye tundu chini, kilichoinuliwa juu ya jiwe, hakikalishi maji. Nilipoanza nilitoboa matundu matatu kwa kila ndoo kwa msumari wa moto. Siku hizi natoboa matano.

Na kuna jambo ambalo wenye nyumba hawalitii maanani. Paa la nyumba halina anayelipanda kama halina kilichopandwa. Aliyeona tangi limepasuka ni nani? Ni mimi, kwa kuwa napanda juu mara mbili kwa siku, asubuhi baada ya sala na saa tisa mchana. Bomba la mvua lilipozibwa na kiota cha kunguru na maji yakatuama pembeni kama bwawa, ni mimi niliyelizibua kwa kijiti cha ufagio. Siku mtakayoniondolea vyungu sitakuwa na haja ya kupanda, na mlango wa paa utafungwa kufuli, na maji yatakayosimama huko juu hakuna atakayeyaona hadi watu waugue tena.

Niruhusu sasa, Bwana Mhariri, nieleze tunachokipata kutoka kwenye vyungu hivyo, maana nadhani aliyeandika ile karatasi anafikiri ni maua ya kupamba.

Nianze na kotimiri, ambayo watu wa bara huiita dania. Ile ya Kongowea huja usiku kwa malori kutoka Taita na kwingineko, na ikifika kwa muuzaji wa mtaani saa nane mchana imeshalegea. Fungu la shilingi 20 nililozoea limekuwa likikonda, na Ramadhani hukonda zaidi, kwani kila nyumba yataka ya futari. Mimi mbegu zangu nanunua Marikiti, giligilani ile ile ya kutia kwenye pilau, ilimradi si ya miaka. Kila punje ya giligilani ndani yake mna mbegu mbili. Nazimimina juu ya kibao cha chapati, nazisugua kwa chini ya kikombe mpaka zitengane, nazilowanisha usiku mmoja, kisha nazipanda pale pale zitakapokulia. Kotimiri mzizi wake huenda chini moja kwa moja na haipendi kuhamishwa. Siku ya nane au ya kumi yachomoza, majani mawili membamba, wala bado hayafanani na kotimiri.

Adui yake ni joto. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, kabla haijafika wiki ya sita majani yameshakuwa kama nyuzi na maua meupe yametoka, na ikishatoa maua ladha imekwenda. Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, yakaa vizuri, waweza kuikata mara mbili au tatu. Kwa hivyo napanda ndoo moja kila wiki mbili, na wakati wa jua kali naitilia kivuli cha kuti lililosukwa, limelazwa juu ya fimbo nne. Ndoo inayokimbilia maua siing'oi yote. Naacha mashina machache yazae, na mbegu zikiwa bado za kijani nazichuma kiganja kimoja, naziponda, natia kwenye mchuzi wa samaki changu wa nazi. Sijapata kuziona sokoni mbegu za kijani. Asiyepanda hazijui.

Shida kubwa ya Mombasa ni chumvi. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa namwagilia kwa maji ya kisima, maana ya mfereji nayaonea huruma, na nanaa yangu ikaungua kingo za majani ikawa hudhurungi, nami nikasema ni jua. Nikaihamisha kivulini, ikazidi kuungua. Mzee mmoja muuza miche kule Kongowea akaniuliza, "Hayo maji umeyaonja?" Nilikuwa nafulia nayo miaka yote na najua sabuni haitoi povu, lakini sikuwahi kuwaza kwamba mmea nao unayanywa. Nilipoangalia vizuri juu ya udongo nikaona utando mweupe, nikaugusa kwa ulimi: chumvi. Nikaumwaga udongo ule wote.

Siku hizi nina njia mbili. Masika na vuli nakinga mvua, na vyungu vyote naviacha vipigwe nayo ivisafishe mpaka chini. Miezi mingine natumia maji ya mashine ya baridi, ile ya kupozea hewa. Duka la dawa la chini lina mashine hiyo, na kijibomba chake kilikuwa kikidondosha maji uchochoroni mchana kutwa, watu wakiteleza. Nikaomba ruhusa nikaweka ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, nikatoboa kifuniko tundu la kupitisha mpira tu, na palipobaki nafasi nikapaziba kwa kitambaa. Kwa unyevu wa hewa yetu hii, ndoo hujaa karibu kila siku. Maji hayo ni jasho la hewa, hayana chumvi, na nanaa tangu iyaonje imekuwa ikitambaa hadi nje ya ndoo yake. Nanaa ipe chombo chake peke yake. Ukiichanganya na mwenzake itammaliza. Na uchochoro umekauka.

Udongo wenyewe nauchanganya na makumbi. Muuza nazi hunipa bure, nayachambua kwa mikono, nayalowanisha kwa maji ya mvua siku tatu ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa sababu nayo yana chumvi yake, nayakamua, halafu nachanganya na samadi ya mbuzi iliyokaa muda na mchanga kidogo. Vidukari wakishika pilipili nawanyunyizia maji ya sabuni yaliyolowekwa majani ya mkilifi, yaani mwarobaini. Kunguru ndio walionishinda muda mrefu. Hung'oa mche wa jana wakautupa tu, hata hawaulii. Sasa nimefunika miche kwa wavu wa mvuvi uliokatika, nilipewa kule Mji wa Kale.

Sitasema, kama ninavyosikia wengine wakisema, kwamba mchaichai ukiupanda mlangoni mbu watakimbia. Mafuta yaliyokamuliwa ndiyo yenye nguvu hiyo. Mmea uliosimama tu mbu huupita na kuja kukuuma. Mamangu alikuwa akitupa kivumbasi kibichi juu ya makaa wakati wa magharibi, na moshi ule ulitupunguzia, lakini ulikuwa moshi. Mchaichai wangu ni wa chai. Nakata majani matano kwa mkasi, maana kingo zake hukata vidole, nayafunga fundo, natia kwenye maji ya strungi yakiwa yanachemka, nafunika, nahesabu mpaka viazi vya kwanza vishike rangi.

Na chatini naifanya saa tisa na nusu, si mapema. Kotimiri konzi mbili pamoja na mashina yake. Watu hutupa mashina na ndiko kwenye harufu. Nanaa nusu konzi, majani tu, kwani shina la nanaa lina uchungu. Natanguliza kwenye kinu chumvi, punje tatu za thumu na pilipili mbuzi mbili, natwanga mpaka yawe uji, ndipo natia majani kidogo kidogo, ndipo nazi iliyokunwa kiganja kimoja. Ndimu ni ya mwisho kabisa, wakati mteja wa kwanza ameshakaa, kwa sababu ukali wa ndimu huigeuza rangi. Ukiitia mapema, magharibi chatini imekuwa kama tope. Majani yaliyochumwa dakika kumi zilizopita yana maji yake, sihitaji kuongeza tone. Wateja wangu wa miaka wanaijua siku niliyonunua sokoni kabla sijawaambia.

Nimebakisha mrehani.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa Kuze, yenye ua mdogo katikati, na kwenye ua palikuwa na asmini, mdimu na mrehani. Mamangu alikuwa akitunga vikuba vya harusi, vile vishada vya maua ya kunukia. Alasiri wasichana walichuma asmini ingali haijafunguka, yeye akichambua mkadi, na mrehani ukiingia katikati kwa ajili ya harufu na ya ukijani wake. Alipofariki nyumba ikauzwa. Siku ya kutoa vyombo ndugu zangu walibeba kasha na sinia za shaba, mimi nikakata vijiti sita vya mrehani, nikavifunga kwa kitambaa kilicholowa maji, nikaja navyo Makadara. Vinne vikashika mizizi kwenye glasi. Mrehani hauishi sana, mwaka mmoja au miwili shina lake limekuwa gumu kama kuni, kwa hivyo kila mwaka nakata vijiti vipya kutoka kwa ule ule, nao hutoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili. Nauchuma ncha kila ukitaka kutoa maua ili uendelee kuota majani. Ulioko juu ya paa leo, kwenye ndoo nyeupe ya pili kutoka mlangoni, ni mrehani wa mamangu, haujapata kukatika. Mjukuu wangu alipoolewa Desemba, kikuba chake nilikitunga mwenyewe kutoka ndoo hiyo, vidole vikiuma. Asmini tulinunua.

Ndoo hiyo nayo imo kwenye hesabu ya vitakavyotupwa.

Ombi langu ni hili. Mwenye nyumba asiondoe vyungu, aondoe visahani. Amtake kila mpangaji mwenye chungu akiinue juu ya jiwe, akitoboe, na aonyeshe Ijumaa moja kila mwezi. Atakayeonekana na viluwiluwi apewe siku saba, na akirudia, chungu chake kishushwe. Mimi nikiwa wa kwanza kuonekana, nishushiwe mimi. Mapipa yote yafunikwe kwa kitambaa kilichokazwa, na wasio na kitambaa nina kanga kuukuu za kutosha ngazi nzima. Vifuu vya madafu vipasuliwe vipande viwili, vilazwe kifudifudi. Na tangi la paani litiwe kifuniko wiki hii, kabla ya karatasi nyingine yoyote kubandikwa.

Vijana wa afya nawaomba mkipita mseme wazi mbele ya wasimamizi wa nyumba kile mlichoniambia mimi mwaka ule juu ya paa. Nyinyi mkisema, watasikia. Sisi wapangaji tukisema, huonekana tunabishana.

Msimamizi wetu namwalika apande juu kabla ya tarehe 30. Aje Ijumaa asubuhi, atanikuta na brashi. Aje na tochi, maana ngazi za mwisho hazina taa na mlango wa paa lazima usukumwe kwa bega. Aanze na vyungu vyangu, kimoja kimoja, vyote 23, kisha twende pamoja mpaka kwenye tangi. Chai ya mchaichai itakuwa kwenye chupa.

Muuza viazi karai,
Makadara, Mombasa